Vekta Haina Pikseli Mpaka Uzihesabu

Malalamiko ni yale yale popote wanapochapisha, iwe Kariakoo au River Road: nembo iliyokuwa kali kwenye kompyuta ya msanifu imetoka kwenye bango ina ukungu, kingo zake zimekuwa ngazi ngazi, na maandishi madogo yamemezana. Mteja anamlaumu mchapaji. Mchapaji anafungua faili aliloletewa na kulionyesha. Mara nyingi mchapaji ndiye mwenye haki, maana kazi iliharibika kabla haijamfikia, pale msanifu alipofungua dirisha la kutoa picha, akaziacha namba alizozikuta humo, akabonyeza kitufe.

Nawaandikia wanaochora kwa vekta, wawe wanatumia Inkscape, Illustrator au CorelDRAW, na ambao mwisho wa kazi wanatakiwa kukabidhi faili la picha. Programu hizi zote zina uwezo wa kutoa picha safi kabisa, na Inkscape haidai hata senti. Kinachokosekana ni swali ambalo inabidi liulizwe kabla ya kila kutoa: picha hii inakwenda kukaa wapi, na ikifika huko itakuwa na upana wa sentimita ngapi?

Faili la vekta huhifadhi maelezo ya umbo: nukta hii iko hapa, mstari uinamie kule, humu ndani jaza kijani. Hesabu za mistari hiyo iliyopinda zilitengenezwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, Paul de Casteljau akiwa Citroën na Pierre Bézier akiwa Renault, kila mmoja kwa upande wake, walipotafuta namna ya kuielezea mashine umbo la bodi ya gari. Ndiyo maana nembo ya vekta unaweza kuivuta hadi ijae ukuta wa ghorofa na isipoteze chochote. Ni kama vipimo alivyoandika fundi cherehani kwenye daftari: havina kitambaa bado. Siku unapotoa PNG ndipo kitambaa kinapokatwa. Programu inapima kila umbo, inagawa eneo lote katika vijiraba vya rangi, yaani pikseli, na kuanzia hapo idadi ya vijiraba haiongezeki kwa maana yoyote ya kweli. Ukiivuta PNG ndogo iwe kubwa, unavuta vijiraba.

Hapa ndipo inapoingia ile kauli inayowapotosha watu kuliko zote: "Nitumie ya 300 DPI." Namba hiyo ikisimama peke yake haisemi kitu. Ni idadi ya pikseli zitakazopangwa ndani ya inchi moja ya karatasi, kwa hiyo bila kujua karatasi ina inchi ngapi, hujui chochote. Picha ya pikseli 600 yenye lebo ya DPI 300 ni picha nzuri ya upana wa sentimita 5 na ni balaa kwenye upana wa nusu mita. Hesabu yake ni nyepesi: gawa sentimita kwa 2.54 upate inchi, kisha zidisha kwa DPI. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Kwa DPI 300 inadai pikseli 2480 kwa 3508. Nembo ya kifuani kwenye fulana, yenye upana wa sentimita 9, inadai pikseli 1063. Ile ya mgongoni yenye upana wa sentimita 30 inadai 3543.

Sasa fungua Inkscape, chora kipeperushi cha A4, bonyeza Shift+Ctrl+E na utoe bila kugusa kitu. Programu itatumia DPI 96, kipimo chake cha kawaida cha skrini, na utapata picha ya pikseli 794 kwa 1123. Kwenye simu inapendeza. Ukiipeleka steshenari ikachapwe kwenye A4, kila pikseli inatanuliwa mara tatu na zaidi kwa kila upande, na hilo ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko niliyoanza nayo. Ushauri wangu ni kuachana na kisanduku cha DPI na kuandika pikseli moja kwa moja kwenye kisanduku cha upana. Ukishazoea kufikiri kwa pikseli, hakuna programu itakayokuchanganya.

Ila DPI 300 si sheria ya kila mahali. Ni kipimo cha kitu kinachoshikwa mkononi: kadi, kipeperushi, jalada la kitabu. Bango la fleksi la mita 3 kwa mita 1, ukilitoa kwa DPI 300, litakuwa na pikseli 35,433 kwa 11,811, yaani zaidi ya milioni 418. Likifunguliwa linadai zaidi ya gigabaiti moja ya kumbukumbu ya kompyuta, na mashine nyingi za kawaida zitagoma. Bango hilo hutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. DPI 100 inalitosha kabisa, nayo ni pikseli 11,811 kwa 3937. Kadiri mtazamaji anavyosimama mbali, ndivyo unavyoweza kushusha.

Baada ya ukubwa ni aina ya faili, na hapa sina haja ya maneno mengi. Nembo, michoro, maandishi na chochote chenye rangi bapa na kingo kali, toa PNG. Haitupi pikseli hata moja, na inahifadhi sehemu zisizo na rangi ili nembo ikae juu ya mandhari yoyote. JPEG, ambayo ni ya mwaka 1992, ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera. Inagawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale mabadiliko madogo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi kwenye wingu au shavu. Lakini herufi nyeusi juu ya nyeupe ina ukingo mmoja mkali, na JPEG inapojaribu kuukadiria inaacha vumbi la kijivu pembeni mwake. Tena kwa kawaida inahifadhi taarifa za rangi kwa ufinyu kuliko za mwanga, ndiyo maana maandishi mekundu juu ya mandhari ya rangi nyingine huharibika kabla ya yote. Kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena, vumbi linaongezeka. Kazi yenye picha kubwa ya kamera ndani yake unaweza kuitoa JPEG kwa ubora wa juu. Nembo, kamwe.

Niendelee kwenye jambo ambalo halielezwi vya kutosha, nalo ni yale yanayotokea kwenye mipaka ya maumbo. Chukua bendera ya Tanzania, ambayo wateja huitaka kwenye kila bango la sherehe. Ina kijani upande wa juu wa mlingoti, buluu upande wa chini wa ng'ambo, na mkanda mweusi wenye kingo za njano unaokatiza kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya ng'ambo. Msanifu mwangalifu huchora maumbo matano yanayogusana bila kupishana hata nywele. Kwenye vekta kazi hiyo haina dosari. Ukitoa PNG na kuitazama kwa karibu, utaona uzi mwembamba wa weupe ukikimbia kati ya njano na nyeusi, na mwingine kati ya kijani na njano.

Uzi huo unatokana na ulainishaji wa kingo. Mstari wa mshazari unakata pikseli katikati, na programu, ili isiache ngazi, inaijaza pikseli hiyo kwa sehemu tu. Inaanza na kijani: imefunika nusu, nusu imebaki nyeupe ya karatasi. Inakuja njano, nayo inafunika nusu ya kilichopo. Kimahesabu nyeupe iliyobaki ni nusu ya nusu, yaani robo. Programu haijui kwamba maumbo mawili yale yanakamilishana. Kila moja inalihesabu kivyake. Robo hiyo ya weupe, ikijirudia pikseli baada ya pikseli kando ya mshazari wote, ndiyo uzi unaouona. Ukitoa bila mandhari, mahali pa weupe panakuwa tundu, na juu ya ukuta mweusi utaonekana uzi mweusi.

Dawa ni kupanga rangi kwa tabaka badala ya kuziunganisha kama vigae. Weka mstatili mzima wa buluu chini. Juu yake weka pembetatu ya kijani, ukingo wake wa mshazari ukifichwa chini ya mkanda wa njano. Mkanda wa njano uwe mzima, mpana, bila pengo katikati. Mweusi ulale juu yake. Sasa kila ukingo unaolainishwa una rangi halali chini yake, na hakuna mahali karatasi inapoweza kuchungulia. Tabia hii ya kuchora ukiwa na tabaka akilini inafaa kwenye kila kazi, kuanzia nembo ya kilabu cha mpira hadi pindo la kanga. Kama umerithi mchoro wa mtu mwingine na huwezi kuupanga upya, toa picha mara nne ya ukubwa unaoutaka, ulainishaji ukiwa umezimwa kama programu yako inaruhusu, kisha uipunguze kwenye programu ya picha kama GIMP. Nyuzi zitapotea, au zitafifia tu kama ulainishaji haukuzimika.

Mistari iliyonyooka nayo ina mitego yake. Bendera ya Kenya ina mikanda ya nyeusi, nyekundu na kijani iliyotenganishwa na mistari myembamba ya nyeupe, kwa uwiano wa 6 kwa 1 kwa 6 kwa 1 kwa 6. Jumla ni 20. Ukiitoa kwa kimo cha pikseli 200, mstari mweupe unapata pikseli 10 kamili na kingo zake zinakuwa kali kama wembe. Ukiitoa kwa kimo cha 150, mstari unataka pikseli 7 na nusu. Nusu ya pikseli haipo duniani, kwa hiyo upande mmoja unatokea safu ya rangi mchanganyiko, si nyeupe wala nyekundu, na jicho linaiona kama ukungu hata kama mtazamaji hawezi kueleza kinachomkera. Chagua kimo kinachogawanyika kwa 20 na tatizo limekwisha. Kwa picha ndogo za skrini, kama vitufe na alama za programu za simu, jambo hili ni la kufa na kupona: mstari wa pikseli 1 uliokaa katikati ya mpaka wa pikseli mbili hutoka ukiwa na upana wa 2 na rangi ya kijivu. Washa gridi ya pikseli na uisogeze mistari ikae humo.

Chanzo hicho hicho, yaani pikseli isiyojaa kamili, ndicho kinacholeta ule mstari mwembamba unaotokea ukingoni mwa picha nzima, ambao wengi hujaribu kuukata kwa mkono. Ukurasa wako una upana wa pikseli 793.7, programu imetoa 794, safu ya mwisho imejazwa kwa sehemu tu. Andaa ukurasa wenye namba kamili, uanze kwenye sifuri kamili, na mandhari yake yavuke mipaka ya ukurasa kidogo. Kwa kazi ya kuchapwa na kukatwa, kuvuka huko ni lazima hata hivyo: milimita 3 kila upande, ili kisu kikiyumba kisiache ukingo mweupe.

Angalia pia unatoa eneo gani. Programu huuliza kama unataka ukurasa wote, mchoro wote, au kilichochaguliwa tu. Nembo inayotolewa kwa kuchagua mchoro hukatwa sawasawa na maumbo yake, nafasi ya kupumua haipo, na ikiwekwa kwenye duara la picha ya wasifu wa WhatsApp inakatwa pembe. Wape wateja nembo iliyotolewa kwa ukurasa wenye nafasi pande zote, tena mraba, na ujaribu kuweka duara juu yake kabla hujaituma.

Maandishi ni habari nyingine. Kabla ya kupeleka faili kwenye kompyuta nyingine ili likatolewe huko, geuza maandishi yawe maumbo: Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape, Shift+Ctrl+O kwenye Illustrator, Ctrl+Q kwenye CorelDRAW. Usipofanya hivyo na fonti ikakosekana, programu itaweka nyingine bila huruma. Kwa kadi za harusi zenye Bismillah kwa herufi za Kiarabu hatari ni kubwa zaidi, kwani fonti isiyofaa inaweza kuziachanisha herufi zilizopaswa kushikana, na mtu asiyesoma Kiarabu hataona kosa mpaka kadi ziwe zimegawiwa. Hifadhi nakala moja ambayo maandishi yake bado yanaharirika. Ukumbi hubadilika, na saa hubadilika.

Kuna vitu ndani ya vekta ambavyo si vekta. Vivuli, ukungu wa makusudi na mng'ao vinaweza kugeuzwa pikseli na programu yenyewe kwa kiwango chake. Kwenye Illustrator kiwango hicho kina mpangilio wake wa DPI 72, 150 au 300, na waraka ulioanzishwa kwa ajili ya skrini huwa kwenye 72. Kazi ikienda kuchapwa, kipandishe hadi 300 kabla ya kutoa, kisha uvitazame vivuli tena, maana huweza kubadilika kidogo sura. Na picha ya bwana na bibi harusi uliyopewa ikiwa na pikseli 600, ukiitanua ifike sentimita 10, ina DPI 152 tu, hata kama waraka wako umeandikwa 300. Hakuna mpangilio wa kutoa utakaoongeza nyusi ambazo kamera haikuzipiga. Omba picha ya asili, na uombe itumwe kama hati.

Hilo la hati lina uzito kuliko linavyoonekana. Unaweza kufanya yote yaliyotangulia kwa ukamilifu, kisha ukaituma kazi kwa WhatsApp kupitia alama ya picha, nayo ikapunguzwa na kugeuzwa JPEG njiani. Uwazi wa PNG unapotea. Mchapaji anapokea kitu kingine kabisa, na wewe unaapa umetuma kilicho bora. Tumia njia ya kutuma hati, au barua pepe, au flashi mkononi. Kwa kadi ya mchango inayokusudiwa kuishi ndani ya WhatsApp kwenyewe, toa nakala maalumu ya pikseli 1080 kwa 1920, ukuze maandishi yasomeke kwenye simu ndogo, na ukubali kwamba itabanwa.

Rangi zinahitaji tahadhari ya aina yake. Skrini huchanganya mwanga, mashine ya uchapaji huchanganya wino, na kijani kinachong'aa au buluu ya umeme unayoiona kwenye skrini haipo kwenye chupa za wino. PNG haiwezi kubeba CMYK, yaani mfumo wa rangi wa wino nne, kwa hiyo kwa uchapaji wa ofseti muulize mchapaji kama anataka TIFF au PDF, na uione rangi iliyogeuzwa kabla yeye hajaigeuza. Angalia hasa maandishi madogo meusi. Nyeusi ya skrini ikigeuzwa kwa CMYK huwa mchanganyiko wa wino zote nne, na sahani zikipishana kidogo herufi zinaota vivuli vya rangi. Yaweke kwenye wino mweusi peke yake.

Na kuna mahali ambapo hupaswi kutoa picha kabisa. Anayekata stika kwa mashine ya kisu anahitaji mstari wa kufuata. Ukimpa PNG itambidi auchore upya. Mchapaji wa fulana kwa skrini ya kitambaa anahitaji kutenganisha rangi. Anayetarizi nembo kwenye sare za shule naye ni hivyo hivyo. Mchapaji yeyote anayepokea PDF, mpe PDF yenye vekta ndani, na mashine yake itajihesabia pikseli kwa kiwango chake cha juu. Naona vibaya sana watu wanapopunguza kazi nzuri kuwa picha kwa mazoea tu, ilhali mchapaji angefurahi kupata yenyewe.

Kabla hujakabidhi, fungua faili ulilotoa kwenye programu nyingine, si ile uliyochoria. Tazama sifa zake uhakikishe pikseli ni zile ulizohesabu. Likuze hadi asilimia 100, pita kando ya mishazari na kona. Liweke juu ya mandhari meusi, kisha meupe, kisha ya rangi kali. Kama ni bango, kata kipande kimoja chenye sehemu ngumu kuliko zote, labda maandishi madogo kando ya nembo. Kwa bango lile la mita 3 lenye pikseli 11,811, kipande cha pikseli 1169 kwa 827 kinajaza A4 moja kwa ukubwa halisi. Kichape, kibandike ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa. Ukiona kasoro, usiizibe kwenye PNG. Rudi kwenye vekta, irekebishe hapo, kisha utoe upya.